Dirisha la Jikoni Lililopinda

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nililinunua la kuandikia vipimo vya wateja. Kurasa saba tu zimetumika, na mbili kati ya hizo ni michoro ya ndege. Kazi haikuwa nyingi. Basi naandika humu. Mkono ukishughulika, masikio yanapunguza kuhesabu mizinga.

Mzinga wa kwanza ulisikika saa nne asubuhi, mbali, upande wa kiwanda. Vioo vyote dukani vikaitikia kwa mlio mwembamba, kama vinanong'onezana. Mke wangu akatoka nyuma na mwiko mkononi. Nini hiyo? Radi, nikamwambia. Akatazama juu, hakuna hata wingu, akanitazama mimi. "Mzee, miaka ishirini na sita hujajifunza kudanganya. Ungeacha tu kujaribu."

Mchana mtaa mzima unabandika utepe madirishani, pande kwa pande, kama msalaba. Mwalimu wa ghorofa ya juu — alistaafu zamani, jiografia, na bado anatembea na filimbi mfukoni — aliniuliza kama utepe unasaidia. Sana, nikasema. Uongo wa pili siku moja! Utepe hauzuii kitu. Unafanya kioo kikurukie kwa vipande vikubwa badala ya vidogo, basi.

Redio ya jioni: majeruhi kumi na mmoja karibu na kiwanda. Tisa kati yao walikatwa na vioo. Tisa! Miaka thelathini nawafungia watu hivyo vitu na kuwaambia wafurahie mwanga.

Alhamisi, 6 Machi

Tumeamua. Vioo vyote vitoke.

Nilimwambia Mwalimu ukweli. Hakukasirika. Alipuliza filimbi pale ngazini, watu wakashuka kama darasa la tatu, nikawahutubia nikiwa nimesimama juu ya debe. Debe lilipinda. Walicheka, kisha wakakubali.

Kazi yangu leo ilikuwa kinyumenyume. Puti ya kushikia kioo niliyoipaka mwenyewe naikwangua, kioo nakitoa, mahali pake tunapigilia plastiki ile nene ya kufunikia mizigo. Vioo nashusha ghalani chini ya duka, nasimamisha kwenye mchanga, gazeti katikati ya kila kimoja na mwenzake. Kulaza kioo ni kukiua. Kila kimoja naandika kwa kalamu ya nta ni cha nani na cha dirisha gani. Mwalimu, chumba cha vitabu. Kinyozi, choo. Yule mama wa ghorofa ya pili ajuaye habari za kila mtu: dirisha la upelelezi. Aliyasoma maandishi. Akasema nisahihishe, ana madirisha mawili ya upelelezi.

Hadi sasa vioo themanini na vinne. Mgongo umekataa kunyooka.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa dada na mkokoteni, ng'ambo ya reli.

Ndiye aliyenilea. Mkunga mstaafu, mjane, mkubwa kwangu kwa miaka kumi na mmoja, na hajaacha kuniita Kipara tangu nywele za kwanza ziliponiaga. Alikuwa mlangoni. "Kipara, umekuja kuniibia madirisha?" Nikasema ndiyo. "Anza na lile la jikoni. Hilo mwizi yeyote atalirudisha."

Dirisha la jikoni ni aibu yangu. Nililifunga nikiwa na miaka kumi na tisa, nikijiita fundi. Upande wa kushoto sentimita sitini na moja, wa kulia hamsini na nane. Nilipima kushoto tu, nikaona yatosha. Fremu ikakaa imeinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza umbea. Nimeomba mara mia nilibadilishe. Hataki. Anasema kila akiosha vyombo analitazama, anakumbuka kuniombea dua.

Nilitoa vyote tisa. Kile cha jikoni nikaandika: Dada, jikoni, kilichopinda.

Tukanywa chai. Akasema, kama anayezungumzia chumvi, kwamba alikuwa anafikiri aje akae kwetu mpaka mambo yatulie. Nikamwonyesha kwa kidole, kitaalamu kabisa: kuta zako nene, dada, za zamani. Una stoo katikati ya nyumba, haina dirisha hata moja. Sisi tuko chini ya tangi la maji, na matangi ndiyo wanayolenga. Kaa hapa. Hapa ndipo salama. Nikamfundisha: kuta mbili daima kati yako na barabara. Karatasi zako kwenye mfuko wa nailoni, kiunoni. Viatu pembeni mwa godoro, vidole vikielekea mlangoni, uvae bila kutafuta.

"Sawa, fundi," akasema. Si Kipara. Fundi. Niliona fahari njia nzima ya kurudi, nikisukuma vioo vyake.

Jumanne, 11 Machi

Reli imefungwa. Wao huko, sisi huku, katikati wenye bunduki.

Mwalimu ametupangia ratiba. Filimbi moja: korido. Mbili: foleni ya maji, watu wawili wawili, kamwe si wa nyumba moja. Tunalala koridoni, miguu ya kinyozi kwenye uso wangu. Mke wangu anasema amemwonea huruma kinyozi.

Dada kapiga simu. Anasema plastiki inajaa upepo na kusinyaa, nyumba inapumua kama mwenye pumu. Nikamuuliza kama anaogopa. Akasema nusu ya hao wanaopigana huko nje aliwavuta yeye kwa vichwa, na kama angejua angewarudisha.

Jumapili, 16 Machi

Kombora limepiga nyumba ya pili kutoka kwetu. Saa sita mchana. Upepo wake uling'oa plastiki zote upande wa barabara, zikaruka koridoni kama mashuka. Mashuka! Hakuna aliyekatwa. Watu ishirini na tatu, hakuna hata mkwaruzo, isipokuwa mimi niliyejigonga kwa mlango nikikimbia.

Jengo la mbele, ambalo mwenyewe alikataa nisiguse vioo vyake kwa kuwa ni vya rangi, vya kuagiza — sitaandika.

Yule mama wa upelelezi alinishika mikono yote miwili mbele ya watu akaibusu. Mke wangu ananitazama tangu mchana kana kwamba ameolewa upya. Leo nilijiona mtu.

Ijumaa, 21 Machi

Mtandao ulirudi kama dakika tatu. Dada alinipata.

Alisema haraka: kuna basi, sokoni kwao, saa saba, linatoka na watu kuelekea kusini. Jirani yake anapanda. "Nipande au nikae? Wewe ndiye unayejua mambo haya."

Mimi! Ninayejua! Asubuhi redio ilisema basi lilipigwa barabara ya kusini. Nikamwambia kaa. Stoo. Kuta mbili. Barabarani huna hata ukuta mmoja.

"Haya, Kipara," akasema. Laini ikakatika katikati ya jambo jingine. Nilisikia "na kile kio—".

Jumatatu, 24 Machi

Mwalimu kashuka na habari njema, uso unang'aa. Lile basi la ng'ambo ya reli limefika. Watu wote arobaini na wawili, wazima, na kasuku mmoja.

Nikasema tumshukuru Mungu. Nikaenda ghalani kupanga magazeti ambayo yalikuwa yamepangwa.

Jumatano, 2 Aprili

Simu hakuna. Upande ule moshi, siku tatu mfululizo, si wa mizinga. Wa nyumba. Mwalimu anasema moshi mweusi hivyo ni matairi tu. Naye hajui kudanganya.

Jumatatu, 14 Aprili

Mke wa Mwalimu amefariki. Koridoni, saa mbili asubuhi, akisubiri chai. Moyo. Alikuwa nyuma ya kuta mbili, viatu pembeni, karatasi kiunoni. Alifuata kila nilichosema.

Mwalimu alipuliza filimbi mara mbili. Tulidhani ni maji, tukatoka na ndoo.

Jumamosi, 26 Aprili

Hakuna.

Jumapili, 4 Mei

Wametia sahihi kusimamisha vita. Redio ilitangaza saa tano, ikarudia saa sita, kama haiamini. Hakuna aliyeshangilia. Watu walitoka, wakasimama barabarani, wakatazamana jinsi walivyokonda. Mimi ninasifiwa: tumbo limekwisha. Miaka kumi daktari ananisihi.

Kimya kinauma masikio. Nikaenda moja kwa moja hadi relini. Kizuizi. Askari, mpole tu, anatafuna kijiti. Mtaa umefungwa, mzee. Kuna vitu havijalipuka. Lini? Hajui. Kuna watu ndani? Akatazama kijiti chake.

Alhamisi, 15 Mei

Wanakuja kuchukua madirisha yao. Vioo mia moja themanini na sita viliingia ghalani, na hakuna hata kimoja kilichovunjika. Sijawahi kufanya kazi safi hivi maishani. Ningefurahi.

Kumbe kurudisha ndiko kugumu. Kinyozi alichukua cha choo akalia, mtu mzima, akikumbatia kioo cha choo. Yule mama kachukua viwili vyake vya upelelezi. Akasema lakini sasa hakuna cha kupeleleza, nusu ya madirisha ya mbele ni matundu.

Nilipanda kwa Mwalimu na vyake. Alinizuia mlangoni. Hataki. Anataka plastiki ibaki. "Nikiweka kioo ina maana vita vimekwisha. Vikiwa vimekwisha, yeye yuko wapi?" Nilivishusha tena, ghorofa nne. Vilikuwa vizito kuliko wakati wa kupanda.

Vimebaki vioo hamsini na kitu ambavyo hakuna aliyekuja kuviulizia. Nayafahamu majina, mwandiko ni wangu. Nilikuwa nimeandika utani kwa kila mtu. Nani aliniambia niandike utani?

Ijumaa, 6 Juni

Ofisi ya watu waliopotea iko katika ukumbi wa sinema wa zamani. Unakaa kwenye kiti cha kukunja, unasogea, kama foleni ya kutazama picha. Karani, msichana mwenye sauti iliyokauka, akaniuliza alama za mwili. Nikasema kovu, kidole gumba cha kushoto. Lilitokana na nini? Kioo. Nilikiangusha mimi, siku nilipofunga dirisha la jikoni. Akaandika: kioo.

Alivaa nini mara ya mwisho kuonekana? Nikasema mimi nilimwona mara ya mwisho tarehe nane Machi na gauni la maua. Akasema hiyo ni ya zamani mno. Hata hivyo akaandika.

Jumatano, 25 Juni

Mtaa wa dada umefunguliwa, ila si kwetu. Kwa waliopewa makao tu. Kamati ya makao inawaweka mle watu ambao vijiji vyao havipo tena. Wengine sharti fomu ya kuingia.

Nilipata fomu. Nikaijaza yote kwa mwandiko wa sherehe. Karani wa kizuizi, si yule wa sinema, mwingine, ana miwani kwenye paji la uso, akaigonga kwa kalamu. Hapa chini, sahihi ya mwenye nyumba unayoitembelea.

Nikamwambia, mwenye nyumba ndiye ninayemtafuta.

"Basi akija atie sahihi."

Nilicheka. Kwa kweli nilicheka! Akashusha miwani kuniangalia. Mke wangu nilipomweleza hakucheka. Akaichukua fomu, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye droo ya duka, juu ya almasi yangu ya kukatia vioo. Akasema kila kitu kina siku yake ya kutumika. Mwanamke huyu hata kijiko kilichovunjika hatupi.

Jumatatu, 7 Julai

Vioo vipya hakuna mjini. Watu wanakuja na vipimo, nawaambia sina. Mke wangu anauliza na vile hamsini? Nasema vina wenyewe. Anasema wenyewe wako wapi. Nasema usiniulize. Tumenuniana mpaka alasiri, kisha akanikaangia yai lake.

Jumanne, 15 Julai

Niandike taratibu. Niko ghalani, mgeni yuko juu.

Kama saa tatu aliingia mama mmoja, makamo, kitambaa kichwani, mgeni wa mji, kwa lafudhi. Ana karatasi ya vipimo. Alisalimia vizuri, akaniita kaka, akasema ameambiwa huku kuna fundi aliyeficha vioo vya mji mzima. Nikaanza wimbo wangu: sina, dada, vilivyopo vina wenyewe. Akasema hata kimoja tu, cha jikoni, watoto wa marehemu mwanawe wanakohoa kwa vumbi. Akaniwekea karatasi mezani.

Akaanza kuomba radhi. "Nadhani nimekosea kupima, kaka. Nimepima mara tatu. Kushoto inatoka sitini na moja, kulia hamsini na nane. Dirisha gani liko hivyo?"

Nilishika meza.

Mke wangu aliuona uso wangu akaleta kiti, akamkalisha yeye badala yangu. Nikauliza, umepewa nyumba hiyo lini? Wiki ya tatu sasa. Ilikuwaje ulipoingia? Akafikiri, mtu mwema, anataka kunijibu sawasawa. Akasema nyumba ilikuwa nzuri, mwenyewe alikuwa mtunzaji. Plastiki zote nzima madirishani, hata tundu moja hakuna. Hakuna ukuta ulioguswa.

"Ila mlango," akasema. "Mlango wa mbele haukuwepo. Ulikuwa umevunjwa, umelala sebuleni."

Mlango. Miezi minne najisifu kwa madirisha. Niliziba kila pahala ambapo kitu kingeweza kurushwa. Sikufikiria watu wanaopita mlangoni kwa miguu yao.

Mke wangu akauliza, kwa sauti ambayo siijui, kama kulikuwa na mtu. Hapana, mama, hakuna mtu, hakuna damu, wallahi hakuna. Kamati waliwaambia wenyewe hawapo. "Hawapo" — nikamuuliza walisema hivyohivyo? Hivyohivyo. Kulikuwa na godoro ndani ya stoo, limetandikwa. Na viatu.

Viatu vipi?

Vya ngozi, vya kike, vyeusi. Pembeni mwa godoro. Akaonyesha kwa viganja vyake viwili mezani, kimoja kando ya kingine, vidole vikielekea mlangoni. Hakuvivaa, akasema, ingawa yeye alikuja na ndala. Ameviweka juu ya kabati. Huwezi kujua, mwenyewe anaweza kurudi.

Ndipo mke wangu akafungua droo. Sikumwomba. Akatoa ile fomu, akainyoosha mezani kwa ukingo wa kiganja, akamweleza yote mara moja: huyu ni mdogo wake, ndiye aliyemlea, hawamruhusu kuingia bila sahihi. Yule mama akashika kifua. Akasema, jamani, kumbe niko nyumbani kwa dada yako. Akasema atatia sahihi sasa hivi, twende wote leo, nione kwa macho yangu, niwaulize majirani waliobaki, kuna mzee wa kona anajua mengi lakini kwa wageni hasemi. Akashika kalamu. Akasoma mstari kwa kidole, polepole. Akaniangalia.

"Hapa wameandika mwenye nyumba. Niandike mimi?"

Nikasema ngoja nilete kioo.

Basi niko hapa. Nimekitoa mchangani, kiko magotini, gazeti la tarehe nane Machi bado limeganda nyuma yake. Kizima. Hakina hata mkwaruzo. Nakiona kidole gumba changu kupitia maandishi: Dada, jikoni, kilichopinda. Nikimpelekea hivi, ataishi na jina hili mbele ya macho kila akiosha vyombo. Itabidi nifute. Na nikifuta, na yeye akitia sahihi huko juu, nitakuwa nimepata ruhusa ya kuingia nyumba ambayo sasa ni ya mtu mwingine, kwa mkono wangu. Nisipofuta, nitakaa hapa na kioo, na yule mzee wa kona atakufa na anachokijua.

Mke wangu anaita kutoka ngazini. Mzee, umezaliwa upya huko chini? Mgeni amesimama. Kizuizi kinafungwa saa sita.

Nimelowesha kitambaa. Nta inatoka upesi kuliko nilivyodhani. Kilichopinda kimekwisha. Jikoni imekwisha. Limebaki Dada.

Anaita tena. Anasema yule mama kalamu iko mkononi, anauliza tu, aandike au—